Tone la Saa Tatu

Tulipoanua matanga ya mama, ukoo ulikaa sebuleni kugawa.
Kaka Anyelwisye akapewa migomba ya bondeni,
Lwitiko ng'ombe wawili na deni la pumba,
mimi sufuria kubwa, lile la misiba na harusi.
Katibu aliandika yote kwenye daftari.
Macho hakuna aliyeyataja.

Nami nilikuwa nimeshayachukua.

Mama hakupofuka siku moja.
Giza lilimwingilia pembeni, kama ukungu wa Rungwe
unaomeza kwanza migomba, kisha zizi, kisha choo,
ukabakiza mlango tu.
Akawa haitikii salamu za watu waliotokea kushoto,
na hapa Tukuyu kutoitikia salamu si jambo dogo.
Wakasema: Tupokigwe anaringa tangu bintiye aajiriwe kiwandani.
Wakasema na mengine, sitayaandika.
Akamwaga chai mkekani. Akagonga bega kwenye fremu ileile
aliyoipita miaka arobaini,
na sisi wanawe tukamwambia, mama, kuwa makini.

Kuwa makini!
Hilo linaniuma kuliko macho yenyewe.

Nilipima majani ya chai miaka ishirini na tisa,
mshale wa mizani nikiusoma ndani ya mvua.
Mwaka niliostaafu, daktari wa hospitali ya rufaa,
kijana mpole, alinipulizia upepo jichoni, akauliza:
kwenu kuna aliyepofuka?
Nikahesabu kwa vidole. Mama.
Bibi, aliyetutambua wajukuu kwa kutupapasa visigino.
Mjomba Asegelile.
Akaandika. Ndipo macho nayo yakaingia daftarini.
"Kilichokwenda hakirudi," alisema. "Kilichobaki tukilinde."

Basi nalinda.
Saa tatu usiku simu inawika kama jogoo,
mjukuu ndiye aliyeitega.
Nainamisha kichwa nyuma, navuta kope ya chini
kama mdomo wa mfuko, tone moja.
Moja tu: chupa ni ya mwezi, na pensheni haina haraka.
Nabana pembe ya jicho penye pua, nahesabu hadi mia
kwa Kinyakyusa, maana kwa Kiswahili naruka.
Uchungu wake unashuka hadi kooni.
Siku nyingine mkono unatetemeka, tone linaangukia shavuni,
naonekana nalia,
na pengine nalia.

Mengine ni maisha. Kuku wanataga.
Ngazi ya jikoni nimeipaka chokaa ukingoni.
Nikivuka barabara nageuza shingo nzima kama bundi,
watoto wa shule wanacheka, nami nacheka nao.
Nasalimia kila kitu, hata nguzo ya umeme,
isije ikasema naringa.

Jumapili alikuja Gwamaka, lori kaliacha barabarani.
Ana miaka arobaini na sita. Mara tano nimemwambia akapime.
"Mama, mimi dereva. Pale Kitonga usiku naona hadi sungura."
Tulisimama uani. Binti wa jirani akapita na ndoo, kushoto kwake,
akamsalimia, akapunguza mwendo, akangoja.
Gwamaka alikuwa anatazama mlima.

Niliitikia mimi, kwa sauti kubwa,
nikauliza habari za mama yake, za ndama, za mahindi,
nikauliza mpaka ndoo ikamlemea.

Kisha nikamwambia mwanangu: Alhamisi nina kliniki,
na miguu yangu siku hizi si ya kuiamini.
Unisindikize.

Miguu yangu haina neno.

Alinyamaza. Akaokota jani la mgomba, akalichana, akalichana.
"Sawa," alisema. "Na mimi nina tairi za kununua Mbeya."

Tairi alinunua mwezi uliopita.
Hela nilimkopesha mimi.